Sinema ya Kiti Kimoja

"Amekiri, afande," sajini alisema, na uso wake ulikuwa uking'aa kama wa mtu aliyeposa akakubaliwa. "Kwa mdomo wake mwenyewe. Sikumpiga hata kofi."

Inspekta aliendelea kufuta vumbi la meza kwa kiganja. Kituoni walimwita Mama Rudia, ingawa hakuna aliyethubutu kumwita hivyo mbele yake. Jina lilimfaa. Hakuwahi kusikia neno mara moja likamtosha, na matapeli wenye ndimi za asali walikuwa wamejikwaa mikononi mwake kwa kurudishwa mwanzo wa hadithi zao.

"Rudia alivyosema," alimwambia. "Usinipe ulivyoelewa. Nipe alivyosema."

"Kasema hivi: 'Mlango nilifunga mimi, Ijumaa alasiri. Komeo nililifunga kwa nje.' Tutake nini tena? Marehemu kakutwa ndani, komeo liko nje, na fundi seremala anasema kalifunga yeye."

"Na sababu ya kufanya hivyo?"

"Waligombana siku hiyohiyo. Jirani wa ukuta mmoja kamsikia fundi akimwambia marehemu, 'Mlango huu utakuja kuua mtu.' Kitisho hicho, afande, mchana kweupe. Gari la mahakamani linapita alasiri. Nimeshawaambia waweke nafasi ya mmoja."

Kisa hicho kilikuwa kimeuacha mtaa mzima mdomo wazi. Mwanamume wa makamo, karani wa ghala la mizigo, mtu ambaye majirani waliapa kwamba hajawahi kupandisha sauti, alijitengenezea chumba cha sinema nyumbani kwake kwa mikono yake. Aligeuza stoo ya zamani nyuma ya jiko. Kwa wiki kadhaa alionekana akishusha mbao, sponji na mabunda ya pamba ya kuzuia sauti, na akiulizwa anajibu kwa upole, "Nataka nitazame picha bila kuwasumbua." Watu wakambatiza Bwana Sinema, wakawa wanangoja kualikwa. Kazi iliyomshinda ilikuwa mlango tu, ndipo akamwita fundi.

Jumatatu asubuhi mdogo wake alivuta komeo la chumba hicho akamkuta kaka yake amelala kifudifudi nyuma ya mlango, amekwisha kupoa. Daktari alisema ni pumu. Zulia lilikuwa limepakwa gundi mbichi, chumba hakipitishi hewa, na pampu yake ya dawa ilikutwa sebuleni juu ya meza, pamoja na simu. Kucha zilikuwa zimekatika. Sponji ya mlango kwa ndani ilikuwa imechanwachanwa mpaka mbao zikaonekana. Inspekta alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi yake, lakini ile sponji ilimkosesha usingizi.

Alipotoka nje alimkuta mke wa fundi kwenye benchi la kituo, mjamzito wa miezi ya mwisho, chupa ya chai mapajani. Hakuna askari aliyeikubali chai hiyo.

"Afande," alisema yule mama, "mume wangu hata panya hamuui. Anawafukuza kwa ufagio. Wakimpeleka mahakamani leo, mimi nitajifungua na nani?"

"Sogea kivulini kwanza," inspekta alimjibu. Ahadi hakumpa, maana hakuwa nayo. Alimgeukia sajini. "Nipe muda kidogo, kisha mlete fundi kule nyumbani. Atuonyeshe alivyofunga. Kwa vitendo."

"Lakini keshasema."

"Basi atarudia."

*

Mdogo wa marehemu alikuwa dereva wa lori, kipande cha mtu, lakini siku hiyo alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma amejikunyata. Drili aliyokuja kuirudisha ile Jumatatu bado ilikuwa miguuni pake. Hakuna aliyejua aipeleke wapi.

"Mliongea mara ya mwisho lini?" inspekta alimuuliza.

"Alhamisi, kwa simu. Alisema vimebaki mlango na zulia tu. Nikamwambia Jumapili tunakuja wote na watoto kuzindua, asijifanye mchoyo. Akasema Jumapili haifai, hakuna wa kuwapikia, shemeji yenu anasafiri kesho."

"Kesho, yaani Ijumaa?"

"Ijumaa. Akaongeza, atakaa huko sana, na simu huko hazishiki, msihangaike kumpigia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na kweli alisafiri. Namshukuru Mungu kwa hilo. Angekuwepo, huyo mshenzi wa fundi angewamaliza wote wawili."

"Chumba ulishawahi kukiona?"

"Nilikiona kabla hajanunua mlango. Aliegemeza ubao mzito mahali pa mlango, akaweka redio ndani, sauti mpaka mwisho, akaniambia tega sikio. Afande, sikusikia kitu. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi avute pampu. Nikamuuliza mashine ya kuonyeshea picha iko wapi. Akasema itakuja, kwanza sauti."

"Kwanza sauti," inspekta alirudia.

"Ndivyo alivyosema."

Sebuleni viti vilikuwa vimesukumwa ukutani kuwapisha watu wa kutoa pole. Mjane alikaa katikati ya kochi, dada yake mkubwa ubavuni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mtulivu, na alikuwa akijaribu kusoma ujumbe kwenye simu. Aliishika mbali, mkono umenyooka, akakunja macho, akaishusha, akaishika mbali zaidi. Mwishowe akampa dada yake. "Nisomee."

"Pole sana, mama," inspekta alisema.

"Nimeshapoa, afande."

"Ijumaa uliondoka hapa wakati gani?"

"Jioni, kabla ya giza. Mtoto wa dada alikuwa na homa."

"Ni mimi niliyempigia," dada mtu alidakia, na mdomo wake ukishafunguka haukuwa na breki. "Mtoto katoka shule mzima, alasiri namkuta anaweweseka, baba yake hayupo. Nikampigia huyu nikamwambia njoo tulale wawili, peke yangu nitachanganyikiwa. Akasema ngoja kwanza, nina kazi. Halafu jioni namwona huyo mlangoni, hata nguo ya kubadili hakubeba. Nikamwambia wewe, umekimbizwa?"

"Kabla ya simu yako hakuwa na safari?"

"Safari ya wapi? Ana mitihani ya kusahihisha mpaka hapa." Akajigusa kidevuni.

Kitu kilimchoma inspekta kifuani, kidogo tu, kama mwiba wa samaki ambao mtu hana hakika kama kaumeza. Alimtazama mjane.

"Ulimwacha mumeo anafanya nini?"

"Alikuwa kwenye chumba chake."

"Ulimuaga?"

"Nilimwambia naenda kwa dada." Mjane aliutazama ukumbi mwembamba unaoelekea jikoni. Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Zulia nilichagua mimi. Aliniuliza, wewe unapenda rangi gani. Nikasema kijani. Nilishangaa, maana hakuwa mtu wa kuniuliza."

*

Chumba kilinuka gundi hata baada ya siku zote hizo. Inspekta aliacha mlango wazi, akaweka tofali lishikilie, na hakuona haya kufanya hivyo. Kuta zilikuwa mbili mbili, na katikati pamba imeshindiliwa kama godoro. Juu yake sponji nyeusi yenye mikunjo, kona zote zimezibwa kwa silikoni iliyonyooshwa kwa kidole. Kazi ya mtu mwenye subira. Ukuta wa mbele ulikuwa na kitambaa cheupe kilichovutwa barabara, na spika nne ndefu zilisimama pembeni. Zulia la kijani. Katikati, kiti kimoja kikubwa cha kuegemea.

Alikitazama kiti hicho kwa muda. Mke na mume, chumba cha sinema, kiti kimoja.

Akaanza kuzunguka akipapasa kuta kwa chini, kwa juu, nyuma ya kitambaa. Kazi hiyo alikuwa na mazoea ya kuifanya bila kujiambia anatafuta nini, maana ukishajiambia, unakiona hata kama hakipo. Alirudi alikoanzia akiwa amekunja uso. Akazunguka tena. Hakukuwa na soketi. Hata moja. Kulikuwa na taa ya darini, na swichi yake ilikuwa nje, karibu na mlango.

"Sasa hii sinema ilikuwa iwashwe kwa kuni?" alijiuliza kwa sauti, na sauti yake ikamezwa na kuta hata yeye mwenyewe asiisikie vizuri.

Akashika spika moja kuisogeza. Alikuwa amejiandaa kwa uzito, akajikuta karibu aanguke nayo chali. Ilikuwa kasha tupu. Akaigeuza: hakuna waya, hakuna sumaku, kitambaa cheusi tu kilichobanwa kwa pini mbele ya tundu. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu hakuigusa.

Hapo ndipo sajini alipoingia na fundi, kijana mrefu mwenye vumbi la mbao ambalo hata mahabusu haikulitoa nyweleni. Pingu mikononi zilikuwa zimemwachia alama. Mdogo wa marehemu alisimama nyuma yao ukumbini, ngumi zimekunjwa, na sajini alikuwa na busara ya kukaa katikati.

"Haya," sajini alimwambia fundi. "Onyesha ulivyofunga."

Fundi aliutazama mlango, akamtazama sajini. "Naomba bisibisi."

"Bisibisi ya nini? Unataka kumchoma nani?"

"Si umesema niwaonyeshe nilivyofunga mlango? Nitaufungaje bila bisibisi, afande? Kwa meno?"

Sajini alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Inspekta alikaa kwenye kile kiti kimoja bila kukusudia.

"Rudia," alisema polepole.

"Nilianza na fremu. Nikafunga bawaba, tatu, kwa sababu mlango ni mzito, umejazwa pamba. Nikapandisha mlango nikaufunga. Mwisho nikafunga komeo, kwa nje, kama alivyotaka bosi." Alionyesha skrubu kwa kidevu. "Mikono yangu hiyo. Huyu afande aliniuliza, 'Mlango kafunga nani?' Nikasema mimi. 'Na komeo?' Nikasema nimelifunga kwa nje. Ningemsingizia nani wakati kazi ni yangu?"

Sajini alikuwa ameiva masikio. "Sasa kwa nini hukusema ni ufundi?"

"Nilidhani unajua mimi ni fundi."

Siku nyingine inspekta angecheka. Mtu alikuwa karibu apandishwe gari la mahabusu kwa sababu ya neno moja ambalo kila mmoja hulitumia asubuhi hadi jioni. Kufunga mlango na kufunga mlango. Aliona aibu kwa ajili ya kituo kizima, na aibu hiyo ilimkaa usoni.

"Ulipoondoka, mlango ulikuwaje?"

"Wazi. Bosi alikuwa amepiga magoti anapaka gundi ya zulia. Nikamwambia asiufunge mpaka ikauke, atajiua."

"Na yale maneno, kwamba mlango utakuja kuua mtu?"

"Niliyasema, sikatai. Nilimwambia, bosi, mlango gani wa sinema unakomewa kwa nje, na kwa ndani hakuna kitasa, hakuna hata pa kushika? Mtu akikwama humu nani atamsikia? Ndipo nikasema utakuja kuua mtu. Akanifokea, nifanye nilichoitiwa. Akasema komeo ni kuzuia watoto wasiingie kuchezea vyombo."

"Watoto gani?" aliuliza mdogo wa marehemu kutoka ukumbini. Ngumi zake zilikuwa zimefunguka. "Kaka hana watoto."

"Hata mimi nilijiuliza," fundi alisema.

Inspekta alikuwa amekwisha kuinama. Chini ya mlango kulikuwa na kipande kilichokatwa, mraba wa mbao wenye mpira pembezoni, nao una kikomeo chake kidogo upande wa nje. "Na hiki?"

"Tundu la kupitishia waya. Nikamwambia waya gani mnene hivi. Akasema kuna mashine kubwa inakuja."

"Sajini, nenda jikoni. Niletee sahani."

"Sahani?"

"Ya kulia chakula. Kubwa."

Sajini akaileta, ya bati, yenye maua. Inspekta aliiweka sakafuni upande wa nje, akaisukuma kwa vidole viwili. Ilipita kwenye tundu bila kugusa pembeni, ikateleza juu ya zulia la kijani, ikasimama mbele ya kiti.

Wote waliitazama. Sajini, ambaye huwa na neno kwa kila jambo, aliegemea ukuta kama mtu aliyepigwa na homa. Fundi aliinamisha uso juu ya mikono yake yenye pingu. "Nililikata mimi," alisema. "Mungu wangu, nililikata mimi."

Nyuma ya kiti kulikuwa na kasha la karatasi lililofunikwa turubai nusu tu. Sajini alikuwa amelifungua Jumatatu akaandika kwamba ni vifaa vya usafi, akaendelea na mambo yake. Inspekta alivaa glovu akatoa kimoja kimoja. Ndoo yenye mfuniko. Blanketi. Sabuni. Kandambili za kike. Kitana. Juu ya kasha, pembeni, miwani ya kusomea yenye fremu nyekundu.

"Hiyo nilijua ya marehemu," sajini alisema kwa sauti ndogo.

"Kaka hakuvaa miwani maisha yake yote." Mdogo wa marehemu alikuwa ameingia bila ruhusa na hakuna aliyemzuia. "Hiyo ya shemeji. Aliitafuta wiki nzima. Kaka alikuwa anamsaidia kuitafuta. Nilikuwepo, alifunua mpaka mito ya kochi."

Inspekta alisimama. Sasa ule mwiba aliuona mzima. "Alhamisi kaka yako alikuambia mkewe anasafiri kesho yake," alisema. "Atakaa sana, msimpigie. Dada mtu alipiga simu Ijumaa alasiri, mtoto ameugua mchana huohuo. Sisi sote tukasema, ahaa, maneno yanalingana, mke hakuwepo. Hatukujiuliza Alhamisi kaka yako alizipata wapi habari za safari ambayo mwenyewe hakuwa nayo."

Yule dereva alimtazama, akaitazama sahani. Alikuwa anaelewa, na mtu angeweza kuona jinsi alivyokuwa anakataa kuelewa.

"Hiyo safari ilikuwa ya wapi?" aliuliza.

"Kutoka jikoni mpaka hapa."

Dereva akakaa chini. Mtu mzima, mabega kama mlango, alikaa sakafuni juu ya zulia akaanza kutikisa kichwa, na hakuacha. Aliwahi kutega sikio kwenye ukuta huo. Aliwahi kumpongeza.

"Sajini," inspekta alisema.

"Afande."

"Mfungue fundi."

Sajini alipapasa ufunguo mifukoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Pingu zilipotoka fundi hakuondoka. Alisugua viganja, akaomba simu ampigie mkewe pale kwenye benchi. Alishika simu tu sikioni akisikiliza mke akiita jina lake.

*

Inspekta alimwomba dada mtu akatengeneze chai. Alipobaki na mjane peke yake, aliweka miwani, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya meza, palepale ilipokutwa pampu.

Mjane aliitazama. Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyekuwa akingojea basi kwa muda mrefu, sasa analiona kwa mbali.

"Nimemwona sajini akipita na sahani. Mmeona inapita?" aliuliza.

"Tumeona."

"Mimi nilipima kwa macho." Alikunja mikono mapajani. "Nilimwambia mwisho wa mwezi naondoka. Nimepata uhamisho, na ndoa imenichosha, basi. Nilidhani atagomba. Hakugomba. Alisema sawa, mke wangu. Kesho yake akaanza kujenga. Nikasema afadhali, kapata cha kumshughulisha. Nilimshikia futi. Nilimnunulia silikoni, afande, mimi mwenyewe, nikitoka shule."

"Rudia Ijumaa."

"Dada alipopiga nilikuwa namalizia usafi. Nikamwambia ngoja. Jioni mume wangu akaniita, njoo uone, kimekwisha. Akasema, ingia ukae kwenye kiti, mimi nitafunga niite kwa nje, uniambie kama unanisikia. Nikaingia. Nikataka kukaa. Ndipo nikaona miwani yangu juu ya kasha, na chini yake kandambili zangu. Nikageuka nikaona mlango kwa ndani hauna kitasa. Hapo chini pana tundu. Niliganda. Sijui nilipata wapi ulimi. Nilimwambia, hapana baba, wewe ndiye mwenye sinema, kaa wewe kwanza nikuone ulivyopendeza. Akacheka. Alikuwa na haraka ya kuniridhisha siku hiyo. Akapita akakaa."

"Ukafunga."

"Nikafunga."

"Akafanya nini?"

"Sijui. Sikusikia kitu." Mjane alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nilisimama pale mlangoni. Nilimwambia naenda kwa dada. Nilingoja anijibu, matusi, chochote. Kimya. Chumba alikijenga vizuri."

Jikoni dada mtu alikuwa akigonganisha vikombe. Inspekta alikuwa na swali moja lililobaki, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani asiliulize.

"Pampu ilikuwa hapa mezani," alisema. "Mkoba wako ulikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Pembeni yake."

"Uliiona?"

"Niliiona. Niliishika hata. Nilifika nayo mpaka jikoni." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nikasimama. Nikawaza, nikimpa, lazima nifungue. Nikifungua, ni mimi nitakayeingia. Nikairudisha mezani nikachukua mkoba. Nilijiambia nitarudi asubuhi na watu. Asubuhi sikurudi. Jumapili pia sikurudi. Nilikuwa namkanda mtoto wa dada kitambaa cha maji, najiambia saa hii, saa hii."

Inspekta alikuwa amekuja na maneno yake ya kazi, yale ya haki zako na lolote utakalosema. Aliyasema yote, moja baada ya jingine, kama sheria inavyotaka. Mjane aliitikia kwa kichwa kila mara kuonyesha ameelewa, kama anavyofanya mwalimu mwanafunzi anaposoma mbele ya darasa.

Sajini alitokea mlangoni na zilezile pingu alizomvua fundi. Mjane alinyoosha mikono. Inspekta alimpungia sajini aziweke mfukoni, akatoa miwani kwenye mfuko, kinyume cha utaratibu, akampa. Mwanamke aliivaa, akatazama sebule yake mwenyewe kama ameikosa siku nyingi.

Walipofika barazani alisita.

"Afande. Huko mnakonipeleka, mlango unafungwa kwa nje?"

"Unafungwa kwa nje, mama."

"Lakini mtu akipiga kelele, anasikika?"

Inspekta alikumbuka kituo chake, usiku walevi wanavyoimba, mahabusu wanavyogonga vyuma wakitaka maji, na yeye ofisini akiwafokea wanyamaze.

"Anasikika," alisema. "Mpaka barabarani."

"Basi twendeni," mjane alisema, akatangulia kwenye gari.